Wauzaji Wanne wa Majengo

Fumbo la mantiki linaweza kuwa na vidokezo vitamu na bado lisifae kitu. Sharti lake kubwa ni jibu liwe moja tu, na anayelifumbua alifikie kwa kufikiri, si kwa kubahatisha. Uzito wa sharti hilo niliujua vizuri jioni moja ya Julai, nikiwa mwalimu mgeni wa hisabati hapa Dodoma, nilipokuwa natunga fumbo la klabu yetu ya shule.

Nilikuwa nimepanga chumba Chang'ombe. Hamu ya kutunga ilitokana na lile fumbo maarufu la nyumba tano, lililotoka katika jarida la Life International mwaka 1962: nani anakunywa maji, na nani anafuga punda milia? Nalipenda hadi leo. Ila sikutaka watoto wa kidato cha pili wahangaike na Mnorwe na chapa za sigara. Nikaona afadhali niwapeleke sokoni Majengo.

Wauzaji wanne wamekaa safu moja: Neema, Chiku, Mwajuma na Ndahani. Mmoja anauza zabibu, mwingine karanga, mwingine ubuyu, mwingine mlenda mkavu. Nani amekaa wapi, na anauza nini? Watu wanne hupangika kwa namna 24, bidhaa nazo 24, kwa hiyo kabla ya kidokezo chochote kuna mipangilio 576. Mtungaji anatakiwa kuifuta 575.

Kidokezo cha kwanza: Chiku yuko katikati ya Neema na Mwajuma. Ikabaki 96. Cha pili: muuza zabibu yuko katikati ya muuza karanga na muuza mlenda. Ikabaki 16. Cha tatu: Ndahani anauza mlenda. Minne. Cha nne: Neema hauzi zabibu. Miwili.

Hiyo miwili ndiyo iliyonisumbua. Mmoja ulikuwa Neema, Chiku, Mwajuma, Ndahani. Wa pili ni hao hao na bidhaa zao, kinyumenyume. Na si ajabu, maana vidokezo vyangu vyote vilisema nani yuko kati ya nani au nani anauza nini, na hakuna hata kimoja kilichosema safu inaanzia wapi. Ningeongeza vingine kumi vya namna hiyo, kila jibu lingeendelea kuja na pacha wake. Kusema wazi Neema anauza ubuyu kusingesaidia pia. Kungewanyang'anya watoto utamu wa kuligundua wenyewe, na pacha angebaki pale pale. Nikaandika cha tano: muuza ubuyu yuko mwisho kabisa, upande wa kulia.

Kisha nikajaribu kuondoa kidokezo kimoja kimoja. Kila nilipotoa kimoja, majibu yakawa zaidi ya moja. Nilifurahi sana, kwa sababu kidokezo cha ziada hulilegeza fumbo. Hata sudoku, lile fumbo la kujaza namba kwenye miraba, ina kiwango chake: mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin walithibitisha kwa kompyuta kwamba namba za kuanzia zikiwa chini ya 17, jibu haliwezi kuwa moja.

Kwa kuwa mtunzi anajua jibu, macho yake hayatoshi. Nikampelekea baba mwenye nyumba, mstaafu wa reli na mchezaji wa bao, aliyekuwa amekaa barazani na koti lake zito kwa ule upepo wa kipupwe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwalimu. Lete."

Akapanga kete nne mkekani kuwa watu, akaweka punje za mahindi kuwa bidhaa, akazisogeza polepole bila kusema neno. Halafu akainua kichwa. "Kulia kwa nani? Mimi muuzaji nimetazama njia. Kulia kwangu ni kushoto kwako wewe mnunuzi." Kabla sijajibu akaongeza: "Na huyu wa katikati, amepakana nao, au panaweza kuwa na mtu mwingine hapo?"

Hesabu yangu ilikuwa kamili, lakini hesabu hailindi sentensi. Hata fumbo la mwaka 1962 lilibidi liongezewe maelezo kwamba kulia ni kulia kwa msomaji. Nikaandika upya palepale, taa ya chaji ikiwa katikati yetu: amepakana nao huku na huku, na muuza ubuyu ndiye wa kwanza ukitokea barabarani. Babu akarudia kusogeza kete zake, akafika, akasema, "Sasa wape."

Darasani nilitegemea waanze na Chiku, kama nilivyotunga. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akaanza na cha tano. Ubuyu ukiwa wa kwanza, zabibu lazima ziwe za tatu. Ndahani lazima awe pembeni, na nafasi ya kwanza ni ya ubuyu, basi yeye na mlenda wake ni wa nne. Chiku akaangukia ya pili na karanga, na kwa kuwa Neema hauzi zabibu, ubuyu ni wake. Alimaliza kabla sijafuta ubao. Njia ile sikuwa nimeiona, na ilikuwa fupi kuliko yangu.

Kipindi kilichofuata alikuja na fumbo lake mwenyewe, la abiria wanaoshuka Bahi, Manyoni, Ikungi na Singida. Nikamwuliza kama amelikagua lisiwe na jibu la pili. Akanionyesha karatasi nzima ya mipangilio aliyoifuta, mmoja mmoja.