Bibi kaniambia nikalale kwanza

Hii ilikuwa Januari 2010, waliokuwepo Unguja washajua nataka kusema nini. Umeme ulikatika tarehe 10 Disemba 2009, waya wa baharini unaotoka bara kuja Fumba ukaharibika, na hatukuuona tena umeme mpaka Machi. Miezi mitatu! Mwaka 2008 tulishakaa gizani karibu mwezi mzima tukadhani yale ndo makubwa, kumbe. Pemba wao wakati ule walikuwa na majenereta yao ya dizeli, basi binamu yangu wa Wete akinipigia simu kunicheka tu.

Watu wakilalamikia giza na maji, na kweli maji yalikuwa balaa maana pampu hazivuti bila umeme, lakini mie kilichonimaliza ni usingizi. Tukikaa Kikwajuni, dirisha la chumba changu linatazama ukuta wa jirani, na jirani kaleta jenereta kaliweka hapo hapo chini linanguruma mpaka saa nane za usiku. Nikifunga dirisha joto, nikifungua moshi. Kaskazi ile, feni haiendi, shuka limerowa jasho, najipepea na kipepeo cha ukili, mkono ukichoka na usingizi nao unakatika. Jenereta likizimwa ndo nasinzia, saa kumi Bibi ananigongea twende na madumu kwenye foleni ya maji. Halafu asubuhi nikasimame duka la vitambaa Darajani nichekeane na wateja.

Wiki ya tano hivi nikawa mtu mwengine kabisa. Mteja akisema "nitolee na ile nyengine ya bluu" nataka kulia, wala si kukasirika, kulia khaswa. Nikamfokea Bibi kwa sababu ya kibiriti, Bibi alonilea, nikaona aibu siku nzima na jioni nikamfokea tena.

Lakini alochukua mzigo wote ni mchumba wangu. Mahari tushapokea, harusi baada ya Mfungo Tatu, na huku nikimtumia meseji ndefu ananijibu "sawa". Sawa! Nikachukua daftari la hesabu za duka, ukurasa wa nyuma nikaandika makosa yake, yakafika kumi na nne, na moja lilikuwa namna anavyovuta chai. Asubuhi nikamkuta Bibi uani anachambua mchicha, nikamwambia, "Bibi, simtaki tena, mrejesheeni mahari yake."

Hakushtuka wala hakuinua uso. "Mara ya mwisho umelala lini wewe?"

"Bibi, mie nakwambia habari ya ndoa."

"Nimesikia. Nenda Makunduchi kwa mdogo wangu ukalale. Ukiamka bado humtaki, mahari ntayarejesha mwenyewe kwa mikono yangu."

Niliona ananidharau, lakini nikaomba ruhusa dukani nikapanda gari. Makunduchi nako umeme hakuna ila jenereta pia hakuna, na upepo wa bahari unaingia mlango huu unatokea ule. Nilifika baada ya adhuhuri, nikapewa kitanda cha kamba, nikaambiwa niondoe ushungi nipumzike kidogo. Niliamka kwa adhana ya alfajiri. Nimepitisha magharibi, isha, chakula, bibi mdogo anasema alinitikisa mara mbili akaona afadhali aniache.

Miaka mingi baadae ndo nikasoma kuhusu utafiti uliofanywa Marekani, ulitoka 2007. Watu 26, baadhi yao wakakeshwa kama saa 35 halafu wote wakaoneshwa picha za kuudhi huku ubongo unapimwa kwenye mashine. Kile kisehemu cha ndani kinachoshughulika na hofu na hasira, amigdala, kwa waliokesha kiliwaka asilimia 60 zaidi ya wenzao walolala, na mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotutuliza, yalilegea. Na joto nalo lina lake, mwili ili ulale lazima joto lake la ndani lishuke kidogo, sasa kwenye chumba kile lishuke liende wapi? Bibi hajasoma hata skuli ya msingi.

Basi nikalifungua lile daftari pale pale kitandani. Chai nikacheka peke yangu. Nikafuta hili, nikafuta lile, nikabaki na moja halikufutika: wiki tatu hajatia mguu kwetu, na Vespa anayo. Hilo lilikuwa kosa kweli, nimelala nimeshiba usingizi na bado linaniuma.

Niliporudi mjini nikamwita. Akaja saa kumi za jioni, macho mekundu, kakonda. Nikamuuliza taratibu, sauti yangu mwenyewe ikanishangaza. Kumbe hoteli anayofanyia kazi wamempa zamu ya usiku kulinda jenereta, mchana analala Jang'ombe chumba cha bati, hajalala kitu tangu mwaka mpya. Hakuniambia kwa sababu aliona aibu, alijua natarajia yuko mapokezi. "Hata mie," akasema, "nishaanza kujiuliza kama bado nakutaka, kila ukinitumia meseji naona kama unanigom..."

Hakumaliza. Kalala, kaegemea ukuta wa baraza, mdomo wazi. Bibi akatoka ndani na kipepeo, akawafukuza watoto waliokuwa wakipiga kelele, akaanza kumpepea. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nirejeshe nisirejeshe?"

Nikamnyang'anya kipepeo.