Utata wa neno "momentarily"

Jana, tukivuka kwa boti kutoka Capri Point, jijini Mwanza, kwenda Kisiwa cha Saanane, mgeni wetu Mmarekani aliwaambia wenzake kwamba tungetia gati "momentarily", naye mzee mmoja Mwingereza akaniuliza, bila utani wowote, iwapo tungekaa kisiwani dakika chache tu. Wote wawili walikuwa sahihi. Nchini Marekani neno hilo aghalabu humaanisha "hivi punde", ilhali Waingereza wengi hulielewa kuwa "kwa muda mfupi". Mara nyingi kitenzi huondoa utata, lakini ukisema boti itasimama "momentarily", msikilizaji hana namna ya kujua. Kwa hiyo sisi tunaoongoza wageni wa mataifa mchanganyiko, kwa maoni yangu, heri tuseme "soon" au "briefly".