-h sio msaada kila mahali, mi yalinikuta

Aisee juzi nusura nizime seva ya watu. Ilikuwa usiku, nimeingia kwa SSH (njia ya kuingia kompyuta ya mbali) kwenye seva ya mteja, kazi yenyewe ndogo tu, nataka kuipangia ijizime na kujiwasha saa tisa usiku watu wakiwa wamelala, ila kwenye shutdown, amri ya kuzima, sikumbuki muda unaandikwaje, si ndo nikaandika sudo shutdown -h nikijua italeta maelezo, maana kwenye programu nyingi -h ni kifupi cha help. Wapi! Ukaja mstari mmoja unasema mashine itazimika, naangalia saa iliyotajwa, dakika moja tu mbele.

Kumbe -h pale ni ya kuzima, na usipotaja muda Linux zenye systemd (programu inayosimamia kuwaka na kuzima kwa mfumo) zinakuhesabia dakika moja. Bahati mstari uleule ulitaja shutdown -c ya kughairi, nikaiandika vidole vinatetemeka, maana mashine iko datasenta na ikilala hamna wa kuibonyeza hadi asubuhi.

Shida ni kwamba hiyo herufi h kila mtu kaichukua kwa shughuli zake. Kwenye ls, du na df, amri za kuangalia mafaili na diski, ni ya kuonyesha ukubwa kwa K, M na G, kwenye psql na mysql za kanzidata ni anwani ya seva, kwenye grep ya kutafuta maneno inaficha majina ya mafaili. Kwa hiyo siku hizi naandika --help yote, dashi mbili, ndo utaratibu wa GNU, mradi wa programu huria: kila programu iielewe, itoe maelezo, ifunge bila kufanya kitu kingine. Nayo sio dawa ya kila ugonjwa, jaribu echo --help kwenye bash, pale unapoandikia amri, inakurudishia --help kama kasuku. Wa Windows wana /? yao. Git, ile ya kutunza matoleo ya kodi, nayo ina vituko vyake, git commit -h inakupa kifupi palepale, ukiweka --help inakufungulia mwongozo mzima.

Halafu kuna hii inayonikera kuliko zote: umeomba msaada, maelezo marefu, unaongeza | less, yaani uyapeleke kwenye programu ya kusomea, usome taratibu, mara less tupu na maandishi yamemwagika skrini nzima, kisa aliyeandika programu kayapitisha kwenye njia ya makosa (stderr), na | haibebi hiyo. Jamani, mtu akiomba mwenyewe sio kosa, toa kwenye stdout, njia ya kawaida, na ufunge na 0, yaani mambo safi. Akikosea opsheni ndo umpe stderr na namba isiyo sifuri. Ukikutana nayo weka 2>&1 kabla ya | less, itaunganisha njia mbili hizo, utasoma.

Ile seva nayo, sikujua kuna mwenzangu kaingia muda uleule. Shutdown huwa inawatangazia wote waliomo, simu ikaita, jamaa anauliza "kaka, unazima?" Nikamwambia natest tu.