Bibi wawili au pembe mbili: kusoma karatasi za zamani za Tabora na Ujiji

Nyumba nyingi za zamani za Ujiji, au za Kwihara na Gongoni hapa Tabora, zina sanduku lenye karatasi za herufi za Kiarabu. Ukiuliza, utaambiwa ni dua za babu. Zikipelekwa kwa mwalimu wa madrasa, anasoma bismillahi na salamu vizuri kabisa, halafu mstari wa tatu anakwama na kusema Kiarabu chake kimeharibika. Hakijaharibika. Ni Kiswahili.

Huku bara Kiswahili kilipanda na misafara ya pembe na watumwa, na kiliandikwa kwa herufi hizo hizo za Kiarabu za chuoni, yaani za chuo cha Kurani. Wajerumani walipoingia walikuta liwali, karani na mfanyabiashara wote wanaandikiana hivyo, wakalazimika kujifunza. Mwaka 1892 kilichapwa Berlin kitabu kizima cha barua za Kiswahili za herufi za Kiarabu, ili maofisa wao wajue kuzisoma. Kwa muda dola ndiyo iliyokwenda chuoni. Baadaye shule za serikali, kuanzia ile ya Tanga, zikatoa makarani wa herufi za Kirumi, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930 kusanifu Kiswahili, suala la herufi lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Mzee aliyeandika wasia wake mwenyewe miaka arobaini akajikuta anaitwa asiyejua kusoma.

Tunapofundishwa Waislamu waliupokeaje ukoloni, tunatajiwa bunduki au kunyamaza: mtemi Isike aliyejilipua ndani ya boma lake hapa Unyanyembe Januari 1893, au waliokubali kazi za uakida chini ya Wajerumani. Karatasi zinaonyesha jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Watu walikuwa na mikono miwili ya kuandika. Risiti ya kodi na kesi ya boma ziliandikwa kwa herufi za Kirumi. Deni, mahari, wasia na nasaba vikabaki kwa herufi za Kiarabu, mara nyingine nyuma ya risiti ile ile.

Sasa tusome.

Kwanza tenga Kiarabu na Kiswahili. Vichwa vya barua karibu vyote ni Kiarabu: "ila jenabi sheikh...", sifa, salamu, kisha "amma baad". Baada ya hapo tafuta "nakuarifu", "na", "ya", "wa" zikijirudia. Hapo umeshaingia Kiswahili. Ukiona majina yamefuatana yakiungwa kwa "an... an... an", hiyo huenda ni silsila, mnyororo wa masheikh wa tarika, na tarika ya Kadiria ina mizizi mirefu Tabora na Ujiji. Ijaza (vyeti vya ruhusa) za namna hiyo ni Kiarabu mwanzo hadi mwisho, mpe mwalimu.

Pili, jua kilichokosekana. Irabu za Kiarabu ni tatu, za Kiswahili tano. Kasra, alama ya chini ya herufi, ni i au e; dhumma, alama ya juu mfano wa waw ndogo, ni u au o. Be inabeba b, p, mb na mp. Dali inabeba d na nd. Jimu inabeba j na nj. Ghaini inabeba gh, g, ng na ng'. Fe ni f au v, na shini ni sh au ch. Ile n au m ya mbele mara nyingi haiandikwi kabisa, na hapo ndipo wasomaji wengi wanapotea: wanatafuta herufi ambayo mwandishi hakuiweka.

Chukua غُوبِ. Kwa macho ya msahafu ni "ghubi", neno lisilo na maana. Lakini ghaini ni ng', dhumma na waw ni o ndefu, be ni mb, kasra ni e: ng'ombe. Ile waw ina kazi ya pili. Waandishi wa Kiswahili walivuta silabi ya pili kutoka mwisho, ile yenye mkazo, kwa kuiwekea alifu, waw au ye. Hivyo ukikuta herufi ya kuvuta, hesabu silabi moja mbele na neno limeisha. Kwenye karatasi isiyoacha nafasi kati ya maneno, kanuni hii peke yake itakufikisha nusu ya njia. Maneno ya asili ya Kiarabu hayaifuati kila mara, kwa sababu mwandishi alijua tahajia yake na aliona aibu kuikosea.

Neno linalosumbua kuliko yote katika barua za biashara ni بِيبِ. Linasomeka bibi. Linasomeka pia pembe, bila kubadilisha nukta. Barua ya Ujiji inayosema zimetumwa "bibi" mbili imewahangaisha wajukuu bure! Dawa ni upatanisho wa maneno. Kama linalofuata ni وَوِيلِ, wawili, hao ni watu. Kama ni بِيلِ, mbili, hizo ni pembe za ndovu, na karibu yake utakuta frasila, kipimo cha ratili 35 hivi, yaani kilo 16. Kila unapokwama kwenye nomino, ruka usome kitenzi na sifa zake, urudi nyuma. Wala usishtuke ukikuta watu kweli wamehesabiwa mstari mmoja na vitambaa na shanga. Biashara hiyo ilikuwepo, na majina yao pengine hayapo popote pengine isipokuwa hapo. Yanakili.

Tarehe zina mitego yake. Tano ya Kiarabu, ٥, ni duara, na sifuri ni nukta. Aliyezoea tarakimu za shuleni atasoma ١٣١٥ kama 1310 na kuipeleka karatasi ya mwaka 1897 kwenye mwaka aliokufa Isike. Ili kugeuza mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: 1315 inakupa 1897 na ushee. Hesabu hiyo inaweza kukosea kwa mwaka mmoja, kwa hiyo andika "1897 au 1898" mpaka uujue mwezi.

Na mwezi wenyewe huenda umeandikwa kwa mifungo. Mfungo mosi ni Shawali, mwezi unaofuata Ramadhani, na mfungo sita ndio mwezi wa Maulidi. Kosa la kawaida ni kuhesabu sita kuanzia Muharamu. Barua ya mfungo sita 1326 ni ya Aprili 1908. Kwa hesabu ile mbaya utaifanya ya Julai, na mwaka huo miezi mitatu si midogo. Ndio mwaka iliyozagaa Barua ya Makka, ikionya kwamba Kiyama kimekaribia na kuwataka watu warudi kwenye ibada. Iliwatia Wajerumani hofu kubwa, wakamshuku Rumaliza, aliyekuwa bwana wa Ujiji kabla yao. Ilienea kwa kunakiliwa kwa mkono, kwa herufi hizi hizi ambazo Wajerumani walikuwa wakiziacha.

Tarehe ikiwa imeliwa na mchwa, angalia fedha. Reali peke yake ni dalili ya zamani. Rupia yenye pesa 64 ni kabla ya 1904. Mwaka huo Wajerumani waliigawa rupia kwa heller mia, na neno letu "hela" ndipo lilipozaliwa. Karatasi yenye hela haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Shilingi ni miaka ya 1920 na kuendelea. (Vita vilipobana, mwaka 1916, karakana ya reli hapa Tabora ilipiga sarafu yenyewe, pamoja na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo.) Kwa Ujiji na Kigoma, muhuri wa Kifaransa usikuchanganye: Wabelgiji walikaa huko kuanzia 1916 hadi 1921.

Je, hakuna aliyejaribu kuziba mapengo ya herufi? Yupo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, katika magazeti yake ya miaka ya 1930, aliongeza alama ili p, ch, v, g, e na o zipate nafasi zao. Kwa maoni yangu ulikuwa mfumo mzuri uliochelewa: kalamu ya ofisi na shule ilikuwa upande mwingine. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdulla Saleh Farsy, alipotoa tafsiri kamili ya Kurani mwaka 1969, Kiswahili chake kilikuwa cha herufi za Kirumi.

Kuhusu kuzitunza. Usizipitishe kwenye plastiki ya moto, na usibandike selotepu. Gundi yake hugeuka kahawia na kula maandishi. Usijaribu wino kwa kidole chenye mate. Baadhi ya karatasi kweli ni kombe, zimeandikwa kwa zafarani ili zioshwe na kunywewa, na zitayeyuka mbele yako. Piga picha mbili: moja kwa mwanga wa dirishani ulionyooka, ya pili mwanga ukitoka ubavuni, huo unaonyesha mikunjo na alama za kalamu kwenye karatasi. Piga na upande wa nyuma hata ukiwa mtupu. Kunja zilipokwisha kunjwa, usizalishe mkunjo mpya, zifunge kwenye kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila dawa ya kung'arisha, na sanduku lisikae chini wala kugusa ukuta wa udongo.

Unapoanza kunakili, andika mstari mmoja herufi kwa herufi kama ulivyo, na chini yake usomaji wako. Pasipo na uhakika weka yote mawili: "bibi/pembe".