Nguruwe wa kuchoma: ameungua nje, mbichi ndani. Jinsi nilivyotatua

Kisa ni mafuta. Bega la kilo 1.5 likikaa juu ya makaa ya sigiri, mafuta hudondoka, miali huruka, na ngozi huwa nyeusi kabla joto halijafika kwenye mfupa. Nilisukuma makaa yote upande mmoja wa sigiri pana, nikaiweka nyama upande mtupu, ngozi juu, nikaifunika kwa sufuria kubwa. Saa moja na nusu, makaa machache yakiongezwa kila dakika 30, hadi katikati ikafika nyuzi joto 71. Kisha dakika 5 juu ya makaa, ngozi chini, mpaka ikakauka, kisu kikipita juu yake kinakwaruza.

Nanasi nililokuwa nikilowekea nyama nalo lilikuwa likiharibu. Juisi yake mbichi ina bromelaini inayovunja protini. Nyama ikilala humo usiku kucha, nje hulegea kama uji. Sasa naloweka kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu tu. Nanasi la Kayunga, Uganda, tamu mno, nalichoma pembeni: vipande vya sentimita 1, dakika 3 kila upande, kisha ndimu, kitunguu na pilipili.

Nyama ipumzike dakika 10. Ukiikata ya moto, maji yake mengi huishia ubaoni.