Jani limekuzwa

Jamani leo kazini nimecheka mpaka basi.

Kikao cha masoko, kuna bidhaa inabadilishiwa lebo, sasa imeandikwa "rafiki wa mazingira" na kajani ka kijani pembeni, kamependeza kweli, watu wanapiga makofi.

Dada mmoja wa manunuzi, yule haongeagi kabisa, akauliza: kwani kimebadilika nini?

Kimyaaa. Plastiki ileile, kiwanda kilekile, malori yaleyale. Jamaa wa matangazo akajibu eti "jani tumelikuza kidogo" 😂😂

Mimi nikawakumbuka Patagonia, kampuni ya nguo ya Marekani, 2011 walilipia tangazo kwenye gazeti la New York Times siku ya Black Friday (ile ya punguzo kubwa la bei) wakisema usinunue jaketi hili, na wakaandika wazi kwamba kulitengeneza kunakula lita 135 za maji. Namba kabisa, tena inayowaumbua wenyewe. (Na bado waliuza, hiyo nayo ni stori ingine.)

Umoja wa Ulaya wenyewe kuanzia Septemba 2026 wanapiga marufuku maneno ya jumla kama hayo bila ushahidi.

Lebo imepita hivyohivyo, eti muda hauruhusu.

Nyie kwenu mkiuliza swali kama la yule dada mnajibiwaje? Semeni basi