Boti yangu ya Laser ilinipindukia nje ya rasi ya Msasani, mara ya tatu ndo ikakubali kuinuka

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa nane, na wanaoijua bahari ya Dar wanajua mwezi wa nane ni msimu wa upepo wa kusi, yaani asubuhi unaamka maji yametulia kama ya kwenye beseni, ikifika saa saba saa nane mchana upepo nao unaamka na hasira zake. Sasa mimi ndo nikatoka saa nane. Mke wangu akaniuliza, "Baba Neema, kwani lazima leo?" nikamwambia nazunguka tu hapa hapa ghubani, narudi sasa hivi.

Chombo chenyewe ni Laser, vile viboti vya tanga moja vya mtu mmoja, mita nne na kidogo, bodi peke yake ni kama kilo 60. Niliuziwa na mzungu mmoja aliyekuwa anahama, kwa bei ya pikipiki iliyochoka, na yenyewe ilikuwa imechoka kweli, tanga lina viraka, mlingoti ni wa vipande viwili vya kuchomekana na unaingiza maji kwenye maungio. Wavuvi wa Msasani wakiniona nayo wananicheka, wananiambia ngalawa ina matengo huku na huku haipinduki ovyo, wewe umeenda kununua isiyo na miguu halafu huvui hata changu mmoja. Siwezi kuwabishia.

Ukiwa ndani ya ghuba rasi inakukinga, unajiona fundi. Ukishaipita ncha yake, unakiona kisiwa cha Bongoyo mbele, hapo mawimbi yanaingia kutoka bahari kuu na hamna cha kuyazuia. Nilikuwa naenda na upepo mgongoni, tanga nimelifungulia lote, raha mstarehe, nikasema nigeuze sasa nirudi, halafu nikasema ah kidogo tu mbele. Hiyo "kidogo tu" ndo iliniponza. Boti ikaanza kuyumba kama mlevi anayetoka kilabuni, kulia, kushoto, na kila ikiyumba inazidisha. Dawa yake ni kuvuta demani, ile kamba ya kuongozea tanga, ulibane kidogo na usukani uushike sawasawa, mimi kwa kuchanganyikiwa nikafanya kinyume nikaiachia zaidi. Ikanilalia. Nikaanguka kinyumenyume na mlingoti ukaja upande wangu, upande wa goshini kabisa, yaani upepo unakotoka.

Maji hayakuwa ya baridi na laifu jaketi nilivaa, kwa hiyo mwanzoni sikuogopa, niliona aibu tu. Nikazunguka chapchap mpaka kwenye dagabodi, ule ubao mrefu unaochomekwa katikati ya boti ukatokeza chini, nikapanda, nikavuta. Ikaanza kuinuka vizuri nikawa najisifu kimoyomoyo, kumbe tanga limelala kule upepo unakotoka, lilivyobanduka tu kwenye maji kusi likaingia chini yake likalinyanyua kama mwavuli, boti yote ikarushwa juu yangu ikaangukia upande wa pili. Mimi nikaenda nayo chini nimeng'ang'ania ubao. Maji niliyokunywa pale sitaki hata kuyaongelea.

Nikaibuka. Mlingoti sasa uko upande wa demanini, upande upepo unakoelekea, ambapo ndo pazuri, ningetulia hapo kazi ingeisha. Lakini nani alitulia? Nikawahi kujining'iniza kwenye ukingo wa juu nikitaka kupita upande wa pili, uzito wangu ukaisukuma, na ule mlingoti unaovuja ukiwa umeshajaa maji ukaenda chini taratiiibu, boti ikageuka kichwa chini miguu juu. Hapo ndo nikaogopa. Simu nilikuwa nayo shingoni kwenye kimfuko cha plastiki, nikajaribu, vidole vimelowa kimfuko kimelowa, kioo hakinisikii kabisa. Nikaangalia nyuma, Masaki iko mbali kuliko nilivyodhani. Afadhali kusi lilikuwa linatusukuma kuelekea ufukwe wa Kawe, tungefika siku hiyo hiyo, ingekuwa Zanzibar tungefika mazishi.

Kuna mzee mmoja mvuvi huwa ananiambia, mwanangu, chombo kikipinduka usikiache, hata ufukwe ukiuona karibu. Basi nikajilaza juu ya tumbo la boti, nimekumbatia ubao, sikufanya kitu chochote. Nilihema tu. Sijui dakika tatu sijui tano, ila hizo dakika ndo zilifanya kazi kuliko nguvu zote nilizotumia kabla, kwa sababu ndo nikaanza kuangalia upepo unatoka wapi badala ya kuhangaika kama kuku. Na hapo nikakikumbuka kile kipande cha tyubu ya baiskeli kule chini, upande wa juu wa boti uliozama. Elastiki yenyewe ya kuzuia dagabodi isichomoke ilishakatika zamani, mpya inaagizwa nje, nikachana tyubu kuukuu nikakifunga na mafundo mawili nikisema nitabadilisha wiki ijayo. Ilikuwa miezi saba. Boti ikiwa kichwa chini ule ubao unataka kuteleza udondokee baharini, na ukienda huo huna cha kushika tena. Lakini ubao niliokumbatia haukuteleza, kimpira kilikuwa kimeshika.

Nikashuka nikasimama kwenye ukingo wa upande wa goshini, nikashika ncha ya ubao kwa mikono miwili, nikajiegemeza nyuma kwa uzito wote, nikakaa hivyo hivyo. Usivute kwa kushtukiza, haisaidii, tanga liko chini limejaza maji ni kama unang'oa shina la mkoko. Unaning'inia tu. Mpaka nilidhani hamna kinachotokea, halafu nikasikia miguu inazama kidogo, ukingo unaenda chini, upande wa pili unapanda, na mlingoti ukatokeza huko mbele umelala juu ya maji, upande wa demanini.

Mwili wote unaniambia inua sasa hivi. Nikaukatalia. Nikazunguka mkono kwa mkono bila kuiachia boti, nikaiachia demani kabisa ilikokwama, nikalegeza na ile kamba inayovuta chini bumu, ule mti wa chini ya tanga, maana tanga likiinuka limebanwa boti inaondoka bila wewe au inalala tena. Kisha nikaenda omo, pua yenyewe, nikaishika nikaning'inia hapo majini. Mwili wako unakuwa nanga. Upepo ukaizungusha taratibu mpaka pua ikatazama kusi linakotoka, mawimbi yananipiga usoni moja baada ya jingine, pah, pah, nikajua hapa sasa iko sawa.

Nikarudi kwenye ubao, nikapanda kwenye shina lake karibu na boti, sio nchani maana nchani unauvunja, nikavuta. Ikaja. Tanga likatoka linachuruza maji likaanza kupigapiga kama khanga kwenye kamba ya kuanikia, boti ikatulia chini yake. Nikadaka ule mkanda wa ndani wa kuwekea miguu kabla haijabadilisha mawazo. Kupanda sasa, aisee, mikono ilikuwa imeisha, nilipiga miguu kama chura mara nne ndo nikaingia, kwa tumbo, kama nguru aliyetupwa sakafuni pale soko la samaki la feri. Saa ya mkononi ikaniambia dakika 25 zimepita tangu nianguke, mimi ningekuapia ni saa nzima.

Nimelala hivyo hivyo ikapita ngalawa, wawili ndani, mmoja akapaza sauti, "Oyaa bosi, mazoezi?"

Nikamjibu, "Eeh, mazoezi."

"Haya bwana, mazoezi mema!" wakaondoka wanacheka.

Kurudi ilikuwa kubisha upepo muda wote, ila maji ndani ya boti yalitoka yenyewe kwenye tundu la chini nilivyoanza kutembea. Nyumbani mke akaangalia miguu ilivyochubuka kuanzia magotini, akauliza umefanyaje, nikasema ngazi. Hakuuliza ngazi ya wapi.

Jumatatu nilienda kwa fundi baiskeli Namanga, ya hapa hapa Dar, nikachukua tyubu nyingine, safari hii nimefunga vipande viwili, na maungio ya mlingoti nimeyazungushia tepu. Na kila Jumamosi asubuhi kabla upepo haujaamka naenda pale maji ya kifua naipindua makusudi, mara ya kwanza kwa ubavu, mara ya pili kichwa chini. Watoto wa pale ufukweni wameshaizoea ratiba yangu, wanakaa kwenye mchanga wanahesabu kwa sauti. Jumamosi iliyopita walifika 94 mimi bado natafuta ubao uko wapi.